SOMO: Kuunyima mchungwa maji ili utoe maua

Wakuu, kila kiangazi naulizwa jambo hili hili, Muheza mpaka Pongwe. Naliandika mara moja, halafu basi.

1. Chagua mti uliokwisha kuzaa. Mche haukuhusu.

2. Vuna matunda yote. Mti wenye mzigo huizima jeni ya maua, hata uukaushe vipi.

3. Samadi na urea weka kando. Utapata majani tu.

4. Funga maji. Hapa ndipo miti inapouawa. Mizizi ikikaukiwa, majani huongeza kazi ya jeni iitwayo FT. Protini yake husafiri pamoja na sukari hadi kwenye macho ya matawi, na huko huwasha jeni zinazojenga ua. Kwa hiyo jani ndilo fundi. Ukikausha mpaka majani yapukutike, umemfukuza fundi kazi haijaisha. Majani yakijikunja adhuhuri na kunyooka usiku, endelea. Ukiyakuta yamejikunja alfajiri, mwagilia kidogo siku hiyo hiyo, usingoje kesho! Ukame wa wastani unataka wiki nne au tano, lakini udongo wa kichanga hukauka upesi. Usihesabu siku za jirani, tazama majani yako.

5. Rudisha maji, tena mengi. Vitunda vikishatunga usiyakatize, vitadondoka.

MASWALI

Mkulima wa Pongwe: Nimefunga maji, mbona hakuna ua hata moja?
— Matunda umevuna?
Mkulima wa Pongwe: Bado, nangoja bei.
— Soma namba 2.

Binti Korogwe: Samahani kaka, kwa nini maua yasitoke wakati ule ule wa ukame?
— Swali zuri sana, dada. Ukame huandaa jicho tu. Kuchipua kunataka maji, ndiyo maana shamba zima huchanua kwa pamoja baada ya mvua.
Binti Korogwe: Na mpunga wetu wa Mombo je?
— Usithubutu. Kwa mpunga mambo ni kinyume: ukame hushusha jeni ya Ehd1, nazo Hd3a na RFT1, ambazo ni ndugu za FT, zinanyamaza. Mpunga unachelewa kutoa masuke. Kuna na kigugu cha maabara, Arabidopsis: siku zikiwa ndefu ukame hukiwahisha kuchanua, zikiwa fupi hukichelewesha. Amri moja, kila mmea unaisoma kivyake.

Mzee wa Raskazone: Kwa hiyo naacha kumwagilia bustani yote?
— Mzee wangu, shikamoo. Nimeandika mchungwa. Mdimu na mlimau pia. Mchicha, hapana.

Kiwangwa Shambani: Huku kwetu Bagamoyo ni mananasi. Nayo tuyakaushe?
— Nanasi huamshwa na gesi ya ethilini. Wazee waliofukiza moshi hawakukosea, moshi unayo. Siku hizi watu hutia dawa ya ethefoni katikati ya mche. Vaa glavu, na mche uwe umeshiba kwanza, la sivyo utavuna nanasi la ukubwa wa ngumi.