Kubadilisha Ukingo wa Sponji Uliooza Katika Spika za Zamani

Anayerithi au kununua spika za nyumbani za miaka ya 1970 na 1980 mara nyingi hukutana na tatizo hili kabla ya mengine: akitoa kitambaa cha mbele na kuigusa wufa, yaani kile kipaza sauti kikubwa cha besi, ukingo wa sponji unaoizunguka koni (lile bakuli linalosukuma hewa) hukatika na kubaki kidoleni ukiwa makombo yenye kunata. Nimeandika mwongozo huu baada ya kumsaidia rafiki kuzifufua spika za Advent kubwa, za kampuni ya Marekani ya jina hilo, ambazo nduguye alizipakia kwenye kontena kutoka Marekani, na maswali aliyoniuliza ndiyo yaliyoamua wapi nieleze kwa kirefu na wapi nipite upesi.

Sponji hiyo ni ya poliyurithani, na unyevu wa hewa huivunja polepole hata kama spika haipigwi kabisa. Kwa kawaida hudumu kati ya miaka 10 na 20, na katika miji ya pwani kama Mombasa na Dar es Salaam, ambako joto na unyevu huenda pamoja mwaka mzima, si ajabu ikaharibika mapema zaidi. Jambo la kufurahisha ni kwamba kuoza kwa ukingo hakumaanishi kuwa spika imechoka, kwa sababu koni, koili (waya uliozungushwa unaoisukuma koni) na sumaku mara nyingi huwa nzima kabisa.

Napinga kwa nguvu zote ushauri wa kuing'oa wufa ya asili na kutia mpya ya dukani. Advent hufuata mpango ambao Edgar Villchur aliutumia katika AR-1 ya kampuni ya Acoustic Research mwaka 1954, ambamo sanduku limefungwa pasipo kupitisha hewa na hewa iliyomo ndani ndiyo inayoirudisha koni mahali pake. Henry Kloss, aliyeianzisha kampuni hiyo pamoja na Villchur, ndiye baadaye aliyeanzisha Advent. Wufa ya namna hiyo imeachwa iwe laini sana kwa makusudi, kwa kuwa sanduku lenyewe ndilo linaloikaza. Ukitia nyingine ambayo tayari ni ngumu, besi inapotea na sanduku zuri linabaki pambo. Kwa sababu hiyo hiyo, usikubali ukingo uliokatwa kwenye godoro au kwenye mpira wa ndani wa baiskeli, wala usiipake silikoni sponji iliyooza, kwani uzito na ugumu wake hubadilisha sauti yote ya chini.

Hatua ya kwanza: Hakikisha kuna kitu cha kuokoa

Fungua skrubu, itoe wufa, weka alama kwenye waya wa chanya, kisha pima koili kwa mita ya umeme iliyowekwa kwenye ohmu. Wufa ya ohmu 8 husoma takribani kati ya 5.5 na 7. Ikiwa mita haisomi kitu, koili imekatika na ukingo mpya hautasaidia.

Hatua ya pili: Pima kabla ya kuagiza

Usiagize ukingo kwa kutaja inchi za spika peke yake. Advent kubwa za mwanzo ni mfano mzuri, kwa sababu fremu yake ina ukubwa wa inchi 12 ilhali koni ni ya wufa ya inchi 10, na aliyeagiza kwa kutazama fremu hupokea mduara usiofaa. Pima kwa milimita kipenyo cha koni kutoka ukingo hadi ukingo, kipenyo cha mahali ambapo mdomo wa nje wa sponji hukaa kwenye fremu, na upana wa ule mviringo uliotuna katikati. Angalia pia kama sponji ya zamani iligundishwa juu ya koni au nyuma yake, na kama mdomo wake wa ndani ni bapa au umeinama kufuata mteremko wa koni. Kama jina na namba ya modeli vinasomeka, wauzaji wa seti za ukarabati huwa na orodha inayotaja modeli moja moja, na hiyo ndiyo njia salama zaidi.

Agiza kwa ajili ya spika zote mbili hata kama moja bado inaonekana nzima, maana zilitengenezwa pamoja na zitaoza pamoja. Lakini usiziguse spika ambazo ukingo wake ni wa kitambaa, kama Yamaha NS-10 ya mwaka 1978. Kitambaa hakiozi namna hii, na kukibadilisha kwa sponji ni kuiharibu spika.

Hatua ya tatu: Toa sponji na gundi ya zamani

Kwangura sponji kwa kidole na kisu butu, kisha lainisha gundi iliyobaki kwa spiriti iliyopakwa kwa pamba, ukisubiri dakika chache kabla ya kukwangua. Koni ya karatasi hulowa na kuchanika, kwa hiyo tumia spiriti kidogo na uishike koni kwa nyuma unapokwangua. Asetoni iweke mbali kabisa, kwani huyeyusha baadhi ya koni za plastiki na rangi za fremu. Juu ya fremu hakuna haja ya kung'arisha mpaka chuma kionekane. Inatosha pawe tambarare.

Hatua ya nne: Gundisha upande wa koni

Kwa koni ya karatasi natumia gundi nyeupe yenye asili ya maji, ile inayokauka na kuwa angavu, na sioni sababu ya kutumia nyingine. Hukupa muda wa kusogeza ukingo, hubaki na unyumbufu, na ikimwagika hufutika kwa kitambaa chenye maji. Gundi zinazoshika papo hapo hukauka na kuwa ngumu kama kioo na hazikupi nafasi ya kurekebisha. Koni za plastiki huhitaji gundi yake maalumu, kwa kuwa hii nyeupe haizishiki.

Paka tabaka jembamba, weka ukingo, bonyeza kwa vidole ukizunguka hadi uone umeshika pande zote, kisha uache usiku kucha. Wakati wa masika ongeza muda.

Hatua ya tano: Weka koili katikati

Hapa ndipo kazi nzuri na mbaya hutenganishwa, na ndipo wengi huharakisha. Koili hucheza ndani ya upenyo mwembamba ulio kati ya nguzo ya chuma ya katikati na bamba la sumaku linaloizunguka, na nafasi iliyopo kila upande ni sehemu ndogo ya milimita. Ukigundisha mdomo wa nje huku koni imeegemea upande kwa unene wa karatasi moja tu, koili itakwaruza chuma, na mkwaruzo huo hauponi kwa kupigwa muziki. Huo utaila koili mpaka ikatike.

Zipo njia mbili. Ya kwanza ni kuigundisha huku wufa imeunganishwa kwenye amplifaya inayopiga sauti ya hezi 20 hadi 30 kwa kiwango kidogo, ili koni icheze na kujitafutia katikati huku wewe ukisikiliza mkwaruzo. Wengi huipenda kwa sababu haikati chochote. Mimi siitegemei, kwa kuwa spaida, yaani kile kitambaa chenye mikunjo kinachoishika koili kwa nyuma, ikiwa imelegea kwa umri, koni hucheza vizuri ikiwa imelala mezani na kukwaruza mara inaposimamishwa.

Njia ninayoiamini ni ya vipande vya karatasi. Kwa wembe mpya ulioinamishwa, kata kikofia cha katikati kinachozuia vumbi, ukiacha pembeni ukanda wa milimita 3 hivi utakaokirudishia. Kata kina kidogo, kwa sababu katika baadhi ya wufa nyaya nyembamba zinazoenda kwenye koili hupita karibu na hapo. Sasa utaiona nguzo ya chuma na silinda ya koili. Kata vipande virefu vya karatasi ya kawaida ya kuchapia, ambayo unene wake ni takribani milimita 0.1, uvitelemshe kati ya nguzo na silinda, vinne au zaidi, vikitazamana. Ongeza unene kwa kipimo kile kile pande zote hadi koni isimame yenyewe bila kuyumba. Ukilazimika kusukuma kwa nguvu, umezidisha, na silinda ya karatasi ya koili za zamani hupasuka kwa urahisi. Karatasi ya picha ni nene zaidi, na mara nyingi kipande kimoja kila upande kinatosha.

Kabla ya kupaka gundi, ulaze mdomo wa nje juu ya fremu ukiwa mkavu na uutazame kwa makini. Unapaswa kukaa wenyewe, bila kuvutwa wala kutuna. Ukivutwa upande mmoja, ujue ulikosea katika hatua ya nne na ukingo haupo katikati ya koni. Afadhali kuutoa sasa na kuanza upya. Angalia pia urefu: spaida iwe katika hali yake ya kupumzika, haijasukumwa ndani wala haijavutwa nje. Ndipo upake gundi kwenye fremu, ushushe mdomo, ubane kwa vibanio vya nguo pande zote, na uache vipande vya karatasi ndani hadi gundi ikauke kabisa.

Ukishavitoa, bonyeza koni taratibu kwa vidole vilivyowekwa pande mbili kwa usawa. Isikike kimya. Rudia wufa ikiwa imesimama wima, kwa sababu ndivyo itakavyokaa ndani ya sanduku. Ukisikia mkwaruzo, usihukumu kwanza kwamba koili imepinda. Huenda ni chembe ya chuma iliyovutwa na sumaku. Itoe kwa utepe wa kubandikia uliokunjwa upande wa kunata ukiwa nje, na daima ifanye kazi hii mbali na meza iliyotumika kukata chuma. Mkwaruzo unaoondoka unapoigeuza wufa nusu duara hutokana na kulegea kwa spaida, na dawa yake ni kuifunga katika sanduku ikiwa imegeuzwa hivyo hivyo.

Onyo moja: kama kikofia ni cha alumini kilichounganishwa na koili, kama katika wufa kadhaa za JBL, usikikate. Hapo tumia njia ya sauti, ukiwa umeisimamisha wufa.

Hatua ya sita: Rudisha na upime

Gundisha kikofia, kisha funga wufa ukiweka utepe mpya wa kuziba chini ya fremu. Katika spika za sanduku lililofungwa, sukuma koni ndani polepole na uiachie: inapaswa kurudi kwa utaratibu. Ikirudi kwa kushtuka, kuna mahali hewa inapita, na mara nyingi ni kwenye fremu au kwenye vituo vya waya nyuma.

Kabla ya kuifunga wufa, sanduku likiwa bado wazi, tazama kapasita za krosova (sakiti inayogawa sauti za chini na za juu), kwani zile za kielektroliti za umri huu mara nyingi zimebadilika thamani. Badilisha kwa nyingine zisizo na chanya na hasi, zenye maikrofaradi zile zile. Kwenye AR-3a ya Acoustic Research, vidhibiti vya sauti ya juu hushika kutu na kuikata tiwita (kipaza sauti kidogo cha sauti za juu), na watu huishia kununua tiwita mpya bure. Spika hazihitaji transfoma, lakini amplifaya iliyokuja nazo kutoka Marekani ni ya volti 120 na itaungua ukiichomeka moja kwa moja kwenye umeme wa hapa.

Mwisho, gusisha betri ya volti 1.5 kwenye vituo kwa nukta moja, chanya kwa chanya. Koni inapaswa kutoka nje. JBL nyingi za zamani huingia ndani, na huo ndio mpangilio wao wa asili, kwa hiyo usizigeuze. Linalotakiwa ni spika zote mbili ziende upande mmoja.