Kisu cha Okapi cha mirathi: jinsi ya kukirudisha kazini

Visu vya kukunja vya Okapi vilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya makoloni yake ya Afrika, na tangu 1988 vinatoka Afrika Kusini. Kikitoka kwenye sanduku la marehemu, mara nyingi kimeganda, pete ya mgongoni haivutiki na makali ni butu. Wengi hukimbilia kukinoa. Anza na kufuli, yaani springi inayolishika bapa lisijikunje: kisu kikali kisichoshika hujikunja juu ya vidole.

Ule mlio wa ka-ka-ka unapokifungua ni springi ya mgongoni ikiruka meno yaliyo kwenye kitako cha bapa. Uchafu ukijaa hapo, springi haifiki jino la mwisho. Dondoshea matone 3 ya mafuta ya cherehani kwenye kiungo, kiache usiku kucha. Pete usiivute kwa plaisi. Springi ikipinda ndiyo basi. Asubuhi kifungue na kukifunga mara 20, ukifuta tope jeusi linalotoka. Mafuta ya kupikia hayafai, yanageuka gundi. Wala usikiloweke: mpini wa mti huvimba, kisha hupasuka penye ribiti.

Sasa kipime. Kifungue hadi mlio wa mwisho, kandamiza mgongo wa bapa kwenye ubao taratibu, vidole vikiwa mbali na njia ya makali. Kikijikunja, kibaki kabatini kama kumbukumbu.

Kutu nyekundu iondoke, weusi ubaki, maana weusi huo unakikinga chuma. Finyanga karatasi ya foili, itie mafuta, sugua. Msasa mkali utafuta hata chapa.

Kunoa kunataka kinoo na subira. Kwa bapa lenye upana wa milimita 18, inua mgongo milimita 6 kutoka kwenye jiwe. Hapo umepata pembe ya nyuzi 20 hivi. Sukuma makali mbele kutoka kitako hadi ncha, mpaka upande wa pili ukwaruze kidole kwa uzi mwembamba wa chuma, urefu wote. Geuza, rudia. Malizia kwa kupishana pande mara 10, mkono mwepesi, kisha kokota makali kinyumenyume kwenye mkanda wa ngozi. Mnoaji wa baiskeli simwamini kwa kisu hiki: jiwe kavu likizunguka kasi huchoma makali, na ukiona rangi ya bluu, ugumu wa chuma umekwenda. Bapa lililopungua upana kwa miaka ya kunolewa liache hivyo hivyo. Huo ndio mkono wa mwenyewe.

Ukikata ndimu au embe bichi, futa papo hapo, asidi hula chuma hiki. Safari ya ndege, kiweke kwenye begi la kupakiwa. Nyumbani kizungushie kitambaa cha pamba chenye mafuta kidogo, si ala ya ngozi, kwani ngozi hushika unyevu. Ukiishi pwani, kikague kila mwezi.