Jinsi ya Kumtafuta Eviota sigillata Kwenye Matumbawe

Wazamiaji wengi wanaofika Kisiwa cha Lizard, kaskazini mwa Great Barrier Reef nchini Australia, huwatafuta papa na kasa. Anayetaka kumwona Eviota sigillata, samaki wa jamii ya gobi ambaye akikomaa huwa na urefu wa milimita 11 hadi 20 tu, yampasa ayape kisogo maji yaliyo wazi na kuutazama mwamba wenyewe, kwa kuwa samaki huyu hutua juu ya tumbawe na kuondoka hapo kwa mruko mfupi wa ghafla.

Chagua siku ambayo bahari ni shwari, kisha tazama sehemu moja ya mwamba isiyozidi ukubwa wa mkeka wa kuswalia, bila kugusa matumbawe. Dakika za mwanzo huenda usione kitu, maana kivuli chako kimekwisha kumkimbiza mafichoni. Usilitafute umbo la samaki, kwani mwili wake hupitisha mwanga. Tafuta macho na mtikisiko mdogo. Kioo cha kukuzia kitakufaa kuliko tochi kali. Ukimwona mmoja asiyetaka kuhama, rudi nyuma kidogo, kwani huenda ni dume anayelinda mayai.

Jambo ambalo wengi hulipuuza ni kuandika tarehe. Mwaka 2005, Martial Depczynski na David Bellwood wa Chuo Kikuu cha James Cook walichapisha utafiti unaoonyesha kwamba samaki huyu haishi zaidi ya siku 59. Umri huo waliupata kwa kuhesabu pete za vijiwe vya masikio yake, ambazo huongezeka moja kila siku. Takriban wiki 3 za kwanza huzimaliza baharini akiwa kiluwiluwi, kwa hiyo maisha yake juu ya mwamba ni mafupi zaidi ya hayo. (Ndiyo maana kumkamata ili kumfuga nyumbani ni kazi bure, kwa maoni yangu.)

Basi ukirudi baada ya miezi miwili na kumkuta gobi juu ya tumbawe lilelile, usiandike kwamba umemwona tena yule wa awali: huyo ni wa kizazi kingine, na hesabu yake ianze upya kwenye ukurasa mpya.