Kuendesha zoezi la mama anayevuja damu, kwa wakufunzi wa ukunga

Walimu wenzangu, hivi ndivyo tunavyowaandaa wanafunzi wa ukunga hapa Tabora kumwokoa mama anayevuja damu baada ya kujifungua. Naliweka zoezi hili mbele ya kifafa cha mimba na mbele ya mabega ya mtoto kukwama, kwa sababu damu haingoji daktari afike.

Anza na macho. Chemsha choya mpaka maji yaive wekundu, uyaache yapoe. Pima mililita 500 uzimwage kwenye khanga iliyokunjwa, 500 nyingine kwenye shuka, nyingine kwenye beseni. Mwite kila mwanafunzi akadirie kabla hujamwambia kitu. Wengi watataja kiasi pungufu, hasa kwenye khanga, maana khanga hunywa damu ikaificha. Rudia kwa viwango vingine hadi makadirio yao yakaribie. Kisha waonyeshe mfuko wa plastiki wenye vipimo unaotandikwa chini ya makalio ya mama. Utafiti wa E-MOTIVE, uliotoka 2023 na kuhusisha hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, uliunganisha mfuko huo na matibabu yanayotolewa yote kwa pamoja. Kuvuja damu kwa kiwango cha hatari kulipungua kwa asilimia 60.

Sasa mtafute mama. Kama chuo kina MamaNatalie, yaani kifaa cha kuigizia uzazi, mkufunzi huivaa tumboni mwenyewe, akaamua damu itoke kiasi gani na kizazi kilegee au kikaze. Kama hakina, mwanafunzi mmoja alale kitandani, choya ipite kwenye mpira wa dripu chini ya shuka, na puto lenye maji nusu likae tumboni badala ya kizazi kilicholegea. Mama huyo lazima aongee. Aseme, "Sista, nasikia kizunguzungu." Aulize mtoto yuko wapi. Anayemhudumia amjibu, amwite mama, amweleze anachomfanyia. Mimi silipitishi kundi lililotibu vizuri likamsahau mwenye mwili.

Usitangaze kwamba leo ni zoezi la damu. Mtoto azaliwe salama, oksitosini, dawa ya kukaza kizazi, uniti 10 ichomwe ndani ya dakika moja, kondo litoke, mwanafunzi ainame kuandika faili. Hapo ndipo ufungue damu.

Wa kwanza kuiona apaaze sauti: "Njooni, mama anavuja damu!" huku mkono wake ukiwa tayari tumboni unakanda kizazi. Msiende hatua moja, mkangoja, ndipo muende nyingine. Mmoja anakanda. Mwingine anaweka kanula ya mshipani, dripu na oksitosini ya matibabu. Wa tatu anaandaa traneksamiki asidi, dawa ya kuzuia damu kuendelea kuvuja, gramu 1, inayoingia kwenye mshipa taratibu kwa dakika 10, ndani ya saa tatu tangu mtoto azaliwe. Wa nne anamwaga mkojo, anakagua kondo kama limetoka lote, anatafuta mahali palipochanika. Damu isipokoma, daktari aitwe na gari liandaliwe. Kila agizo lirudiwe kwa sauti, pamoja na saa: "Oksitosini imeingia, saa nne na dakika sita." Wanafunzi wapole hupata shida sana hapa. Wape nafasi ya kuongoza mara nyingi zaidi, kwa sababu usiku zahanatini huenda wakawa wao peke yao.

Sikubali maneno "tuseme nimeshampa dawa." Aende kwenye friji, kwa kuwa oksitosini hutunzwa kwenye nyuzijoto 2 hadi 8, aifungue, avunje kichupa, avute. Katika mwendo huo ndipo mtagundua ufunguo wa friji anao mtu aliyekwenda kunywa chai, na jambo hilo linarekebishwa siku hiyohiyo.

Zoezi lichukue dakika 10, mazungumzo 20. Aliyeigiza mama aanze, aseme alijisikiaje na nani alimshika mkono. Kisha muulize kiongozi aliona nini na aliwaza nini wakati ule. Ukianza na "kwa nini hukufanya", watajitetea na hutajua kilichowakwamisha. Mkimaliza, rudieni zoezi palepale.

Lifanyeni kila wiki, hata kwa dakika chache, wodini kwenyewe. Hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, walifundisha kwa siku moja namna ya kumsaidia mtoto mchanga kupumua, wakakuta huduma kwenye chumba cha kujifungulia haijabadilika. Walipoanza mazoezi mafupi ya mara kwa mara, vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua.

Vichupa vya mazoezi tunavijaza maji na kuvibandika karatasi nyekundu yenye neno MAZOEZI. Vihesabuni kabla na baada, viondoke wodini mikononi mwa mkufunzi, na kisibaki hata kimoja kwenye trei ya dawa.