Kuvuta tela lenye kirikuu nyuma ya Coaster mnayoishi ndani yake

Kabla hujanunua tela, tafuta mizani. Karibu kila anayetuuliza habari za maisha ya ndani ya gari huanza na injini: ina nguvu? Itapanda mlima? Coaster yetu ina injini ya dizeli ya Toyota iitwayo 1HZ, silinda sita, lita 4.2, haina tabo, na inavuta. Mwendo wake ni wa taratibu, lakini inavuta. Hatari kubwa ya tela haitoki kwenye injini kuchoka. Inatoka kwenye uzito uliokaa mahali pasipo pake, na hilo huwezi kuliona kwa macho, lazima ulipime.

Sisi ni wanunuzi wa asali. Mimi na mume wangu tunalala, tunapika na kupiga hesabu zetu ndani ya Coaster iliyotolewa viti, tukizunguka Sikonge, Urambo na Kaliua mkoani Tabora, na asali ikipata mteja Kigoma tunashuka nayo. Nyuma tunavuta tela la ekseli mbili, na juu yake kuna Suzuki Carry, yaani kirikuu, na pikipiki. Coaster inabaki kijijini penye uwanja mgumu. Kirikuu kinaingia porini kwa warina asali, na pale mchanga unapokishinda, pikipiki inamalizia. Bila hivyo viwili, nyumba yetu ingekuwa mzigo badala ya kazi.

Huko Marekani, ambako watu wengi huishi kwenye magari ya namna hii mwaka mzima, kuna wanaovuta gari dogo likitembea kwa magurudumu yake yote manne, bila tela. Ni nyepesi zaidi, lakini ina masharti. Magari mengi ya otomatiki huua giaboksi yakivutwa hivyo, kwa sababu injini ikiwa imezimwa pampu ya oili haifanyi kazi, huku magurudumu yanaizungusha giaboksi. Tena hupaswi kurudi rivasi. Kwa barabara zetu, ambako unaweza kuingia njia na kukuta mti umelala, mimi nasema chukua tela.

Uzito wa shingo

Andika uzito wa kila kitu kwenye daftari. Wetu uko hivi: tela tupu kilo 420, kirikuu 750, pikipiki 120, mbao za kupandishia na vifaa 30. Jumla kilo 1,320. Linganisha na uzito ambao mtengenezaji ameruhusu gari lako libebe na livute. Angalia kwenye kibati cha gari au kitabu chake. Usisahau nyumba yenyewe. Maji lita 200 ni kilo 200, bado betri za sola, mtungi wa gesi, kitanda na nguo. Nyumba huongezeka uzito kimya kimya, maana kila mnada unarudi na sufuria. Magari ya kuanzia tani 3.5 yanatakiwa kupita kwenye mizani ya TANROADS, wakala wa barabara. Wengi wanaiona kero. Mimi huwa nachukua vile vipimo na kuvinakili kwenye daftari langu.

Sasa njoo mbele ya tela. Kuna shingo, kile chuma kirefu kinachoishia na kikombe, na kikombe ndicho kinachofunika kichwa cha duara kilichofungwa nyuma ya gari. Uzito unaokandamiza pale unatakiwa uwe asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa tela na mzigo wake. Ukipungua, mkia wa tela unaanza kuendesha gari badala ya gari kuendesha tela. Ukizidi, unaikalia ekseli ya nyuma ya gari na usukani unakuwa mwepesi.

Mizani ya chumbani, ile ya kupimia mtu, inatosha. Tafuta mbao imara ya nne kwa mbili. Upande mmoja uweke juu ya tofali, upande mwingine juu ya mizani, umbali kati ya nguzo hizo mbili uwe sentimita 90. Soma uzito wa mbao peke yake na uuandike, utautoa baadaye. Halafu shusha mguu wa shingo ya tela juu ya mbao, sentimita 30 kutoka kwenye tofali. Hapo mizani inabeba theluthi moja tu ya uzito, kwa hiyo unachosoma unazidisha kwa tatu. Yetu, baada ya kutoa mbao, inasoma 53. Mara tatu ni 159, sawa na asilimia 12 ya 1,320. Tela liwe limesimama sawasawa, na tairi zimezibwa kwa mawe mbele na nyuma, vinginevyo namba itakudanganya.

Kama namba haijakaa vizuri, sogeza kirikuu. Kwenye tela letu, kutoka katikati ya ekseli hadi kikombe ni mita 3. Kirikuu cha kilo 750 kikisogea mbele sentimita 10, shingo inaongezeka kilo 25. Sentimita 10 ni upana wa kiganja! Ndiyo maana tumepaka mistari ya rangi nyeupe sakafuni mwa tela kuonyesha tairi za mbele zisimame wapi. Kirikuu huingia kichwa mbele, kwa sababu injini yake iko chini ya viti na uzito wake mwingi uko huko. Pikipiki inalazwa? Hapana, inasimama wima, kwa kukingama, mbele ya kirikuu.

Asali ndiyo inayowaponza wengi. Maji ya ndoo ya lita 20 ni kilo 20, lakini asali ya ndoo hiyo hiyo ni kama kilo 28. Mtu anatoka porini na ndoo nane ndani ya kirikuu, anakipandisha kirikuu kwenye tela na ndoo zake, anafunga, anaondoka. Hizo ni kilo 224, zimekaa kama mita moja nyuma ya ekseli. Zinanyanyua shingo kwa kilo 75. Shingo iliyokuwa 159 inabaki 84, wakati tela limefika kilo 1,544. Asilimia tano na ushee. Kwa macho kila kitu kimekaa vizuri, kumbe tela hilo likifika kilomita 70 kwa saa na basi likalipita, litaanza kucheza. Teremsha ndoo zote. Zipange kwenye sakafu ya Coaster, katikati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, na uzifunge. Ni kazi ya nusu saa na mgongo unauma, lakini usiiruke hata siku moja.

Kuna hesabu nyingine moja, ya Coaster yenyewe. Ina mkia mrefu nyuma ya ekseli. Kwetu, kutoka ekseli ya nyuma hadi kichwa cha kuvutia ni karibu mita 2, na kutoka ekseli hadi ekseli ni karibu mita 4. Kilo 159 za shingo zinaiondolea ekseli ya mbele kama kilo 80 na kuiongezea ya nyuma karibu 240. Kwa hiyo vitu vizito vya nyumbani, betri na tangi la maji, visiwekwe mkiani. Sisi tangi liko nyuma ya kiti cha dereva.

Kufunga

Weka mawe kwenye tairi za tela kabla ya kugusa kitu kingine. Rudisha gari taratibu, shusha kikombe juu ya kichwa, funga komeo, tia pini. Halafu fanya jaribio hili: zungusha jeki ya shingo kana kwamba unataka kuinyanyua. Kama mkia wa Coaster unapanda pamoja na shingo, komeo limeshika. Kama kikombe kinachomoka, bora kichomoke hapo uwanjani. Minyororo miwili ipite chini ya shingo kwa kupishana, wa kulia kushoto na wa kushoto kulia, ili kikombe kikichomoka shingo idondokee juu ya minyororo na si kwenye lami. Ilegee kiasi cha kuruhusu kona, isiburuzike. Mwisho waya za taa, kisha mmoja akae kwenye usukani na mwingine asimame nyuma akitaja kwa sauti: breki, indiketa kulia, kushoto, taa.

Kirikuu tunakifunga kwa mikanda minne ya racheti kwenye tairi zake, kimewekwa gia na handibreki imevutwa. Ukifunga kwenye bodi, springi zinapopanda na kushuka mkanda unalegea. Pikipiki ni kinyume: shoki zake za mbele zibonyee kidogo, ndipo inatulia.

Turubai la kufunikia, kama unapita mapori ya Sikonge au Kaliua, lisiwe la bluu wala jeusi. Ndorobo wanazifuata sana rangi hizo, na ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya bluu na vyeusi. Gari linalotembea tayari wanalifuata, usiwaongezee sababu.

Breki na tairi

Tela la uzito huu liwe na breki zake. Tulizonazo ni za kusukumwa: Coaster ikipunguza mwendo, tela linasukuma shingo, shingo inavuta kebo, breki zinashika. Hazihitaji umeme na fundi yeyote mzuri anazielewa. Ila kwa tela lisilo na kifaa cha kuziachia zenyewe, ukirudi rivasi zitashika pia, kwa hiyo kuna kikomeo cha kuzizuia, na ukimaliza kurudi lazima ukiondoe. Kuna pia kebo nyembamba inayounganishwa na gari; tela likichomoka, kebo hiyo inavuta handibreki ya tela kabla ya kukatika. Ifunge kwenye chuma cha gari, usiizungushie kichwa cha kuvutia.

Tairi za tela hufa kwa umri kabla kashata, yale meno ya kukanyagia, hazijaisha. Soma tarakimu nne za mwisho za namba inayoanza na herufi DOT ubavuni mwa tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi ya mtumba yenye kashata nzuri na umri wa miaka kumi usiibebeshe nyumba yako.

Njiani

Kutoka Tabora mjini kwenda Urambo, kituo chetu cha kwanza ni Ndono, kama kilomita 42. Pale tunakaza nati za magurudumu na mikanda, maana kirikuu kikishatikiswa mikanda hulegea. Halafu napitisha mgongo wa mkono karibu na kila habu, yaani kitovu cha gurudumu. Zote zinatakiwa ziwe na joto linalofanana. Moja ikiwa moto kuliko wenzake, ama beringi imekaukiwa na grisi ama breki inashika. Usiendelee mpaka imefunguliwa.

Sheria inaruhusu kilomita 80 kwa saa kwa gari linalozidi kilo 3,500, na 50 kwenye makazi. Sisi tunatembea 60 hadi 70. Basi likikupita, kwanza linakusukuma, kisha linakuvuta. Shika usukani imara na usijibu kila mvuto. Tela likianza kuyumba, ondoa mguu kwenye mafuta, usukani uwe umenyooka, acha mwendo upungue wenyewe. Usikanyage breki kwa nguvu, usilifukuze tela kwa usukani, na usiongeze mwendo eti linyooke. Ukishasimama, pima shingo. Tela halichezi bure.

Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari na Ziwa Tanganyika kama 770, kwa hiyo kwenda Kigoma kwa jumla ni kushuka. Ingia gia ndogo kabla mteremko haujaanza, gia ile ile ambayo ungepandia. Breki zikinuka, umechelewa kubadili gia.

Kona za mjini, tela linakata ndani kuliko gari, kwa hiyo nenda mbele zaidi kabla ya kukunja. Kurudi rivasi, shika usukani chini kabisa, katikati. Unakotaka mkia wa tela uende, peleka mkono huko. Kidogo kidogo. Msimamizi awe mmoja, na dereva asipomwona kwenye kioo asimame hapo hapo. Kijijini hatuingii njia ambayo mmoja wetu hajaipita kwa miguu au pikipiki, na masika, udongo wa mbuga ukishalowa, tela linabaki kando ya barabara kuu kwa ruhusa ya mwenyekiti wa kijiji. Nyaraka za tela, lenye namba yake ya usajili, zikae pamoja na za gari.

Wakati wa kurudi kutoka Kigoma mzigo unabadilika kabisa. Dumu la lita 20 la mawese halifiki kilo 19, na magunia ya dagaa ni mepesi lakini makubwa, yanadaka upepo. Mawese yaende sakafuni palipokaa asali, madumu yajae mpaka shingoni ili yasichezecheze. Dagaa wanaweza kupanda ndani ya kirikuu, ilimradi wasizidi kimo cha kibini. Kisha toa mbao, tofali na mizani, pima shingo upya kabla ya kuwasha gari.