Kupanga ua wa nyumba Lamu kwa pesa kidogo

Wengi huanza kwa kununua miche. Mimi naiweka mwisho. Ua wa Lamu chini yake ni mchanga mtupu au jiwe la tumbawe, na maji hayakai. Weka pesa kwenye udongo kwanza. Mimea mingi utaomba kwa majirani.

1. Onja maji ya kisima. Yakiwa ya chumvi, mdimu usahau. Tegemea bogainvilia, mshubiri na mkilifi (mwarobaini), ila mkilifi uwe mbali na ukuta na jabia, yaani birika la maji, mizizi yake haina adabu.

2. Chimba mashimo, usilime ua mzima. Kila mmea shimo lake, dhiraa moja (kiwiko hadi ncha ya kidole) kwenda chini na dhiraa moja upana. Ukigonga jiwe, chukua mtaimbo, na vipande usivitupe.

Chini panga makumbi ya nazi, upande wa ndani ukitazama juu ili yashike maji. Yawe ya shambani, si yale yaliyofukiwa pwani kwa kazi ya kamba; hayo yamejaa chumvi.

Kisha jaza samadi ya punda iliyochanganywa na mchanga uliotoka shimoni. Samadi hapa ni ya bure, shida ni haraka zetu. Usiitie mbichi. Irundike kivulini, imwagie maji, ifunike kwa makuti makuukuu, uigeuze kila wiki. Mwanzo itafuka mvuke. Ukitia mkono katikati ukakuta imepoa na inanuka udongo, iko tayari. Ukiiwahi, utavuna magugu.

Mchanga ukipungua, usikachote kwenye vilima vya Shela. Mvua inayozama pale ndiyo maji ya visima vya mji.

3. Njia. Vile vipande vya jiwe vipange kutoka mlangoni, ushindilie mchanga katikati. Basi.

4. Panda masika yakianza, Aprili. Asumini na bogainvilia huota kwa tawi: chagua lililokomaa, unene wa kalamu, urefu wa shubiri, ukate chini kidogo ya kifundo, uondoe majani ya chini. Choma matawi matatu shimo moja, lazima moja litafia njiani. Bogainvilia iwe upande wa kusi, ipokee upepo wa chumvi. Asumini karibu na baraza, penye kivuli cha mchana.

Mvua zikikatika, mwagilia jioni, shinani tu. Maji ya chumvi yakikaukia majanini huyaunguza.