Kabla ya Kuchimba Matuta, Uliza Shamba ni la Nani

Wakulima wa milima ya Uluguru, Morogoro, wanajua vizuri kwamba udongo wao unateremka na mvua. Ukiwapandia mlimani kuwahubiria mmomonyoko, unawachosha bure. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwashurutisha kuchimba matuta ya ngazi. Kazi ile ilifukia udongo mzuri wa juu na kuacha wazi ule wa chini usio na rutuba, na mwaka 1955 wananchi wakagoma, ghasia zikatokea Matombo, mpango ukaachwa. Afisa ugani asiyeijua habari hii atawaita watu wabishi, na atakuwa amewaonea.

Jambo la kwanza linalowakwamisha kukinga udongo ni ardhi. Kwa desturi ya Waluguru, ardhi ya ukoo hufuata upande wa mama. Mwanamume anayelima shamba la ukoo wa mkewe, au mtu aliyekodi kwa msimu mmoja, atachimbaje mtaro ambao faida yake itaonekana baada ya miaka mitatu, wakati huenda mwakani hayupo? Akipanda miti ndiyo balaa zaidi, maana wenye ukoo watasema anataka kujimilikisha. Hapo somo la kilimo halisaidii. Mwenye shamba na anayelikodi wakae mbele ya wazee wa ukoo na mwenyekiti wa kitongoji, waandikiane misimu isiyopungua mitano, na wataje miti na majani yatakuwa ya nani. Kama miti bado inaleta maneno, anzeni na majani ya Guatemala au mabingobingo kwenye kingo. Yanashika udongo, yanakatwa kulisha mbuzi wa maziwa, na hayamtii mtu hofu ya kunyang'anywa shamba.

La pili ni nguvu kazi. Mtaro wa kukinga udongo uitwao fanya juu huchimbwa kwa kufuata kontua, yaani mstari unaokata mteremko kwa usawa mmoja, udongo ukitupwa upande wa juu wa mtaro ukawa tuta. Familia yenye majembe mawili haiwezi kumaliza mteremko mzima peke yake. Kule Machakos, Kenya, vikundi vya mwethya, ambavyo wengi wao walikuwa wanawake, vilichimba kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Basi mafunzo yapangwe saa ambazo akina mama wametoka shambani, na kipimo cha A, ile fremu ya miti yenye umbo la herufi A ya kutafutia kontua, wakishike wenyewe, wapigilie vigingi wao. Baba akifundishwa peke yake, mara nyingi ujuzi hubaki kwenye daftari.

Pangeni zamu kuanzia shamba la juu kabisa. Wa juu asipokinga maji, tuta la jirani wa chini hupasuka kwa mvua kubwa ya kwanza, mchanga ukafunika maharage yake, naye hatashika jembe la matuta tena. Nimeona wakulima hodari wakikata tamaa hivyo, na inauma.

Bado kuna moto. Mabua yaliyoachwa kufunika udongo huteketea jirani anapochoma shamba lake kabla ya vuli. Suala hilo liletwe kwenye mkutano wa kitongoji mwezi Julai au Agosti, kabla watu hawajaanza kusafisha mashamba: wakubaliane njia za kuzuia moto, siku ya kuchoma kwa anayelazimika, na fidia kwa atakayeunguziwa. Makubaliano hayo yapelekwe serikali ya kijiji yaingizwe kwenye sheria ndogo.